Namna ya Kubadilisha Pikapu Bila Kuhama Nyumba

Tuanze na onyo. Ukisimama Kayole Junction, hapa Nairobi, mwisho wa mwezi ukamwambia mtu unatafuta pikapu, hatakuuliza kama ni ya koili moja au mbili. Atakuuliza unahamia wapi na kitanda ni cha futi ngapi. Mimi yalinipata. Nilimwambia yule jamaa naitaka ya zamani, muundo wa miaka ya sitini, akanitazama kwa huruma. "Boss, ya miaka hiyo haitakufikisha hata Saika." Nikasema umri si hoja, hoja ni sauti. Akaniapia kwamba yake haina kelele, inanguruma tu kidogo ikiwa kwa gia ya kwanza. Tulikuwa tumeshaelewana bei ndipo tukagundua kwamba mmoja wetu anazungumzia gitaa.

Basi ieleweke: pikapu ya mwongozo huu haibebi sofa. Ni kile kisanduku cheusi kilicholala chini ya nyuzi za gitaa la besi, ambacho mpigaji anaweza kuishi nacho miaka kumi bila kujua ndani mna nini. Mna sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, nguvu ya sumaku inayumba, na koili inazaa umeme kidogo unaoufuata mtikisiko ule ule mpaka kwenye amplifaya. Siri hiyo aliifumbua Michael Faraday kule London mwaka wa 1831, na ndiyo hiyo hiyo inayozalisha stima pale kwenye bwawa la Masinga. Ukining'iniza besi begani, wewe ni kituo kidogo cha umeme. Tofauti ni kwamba wale wa Masinga wana mshahara.

Waya wenyewe una unene wa kama milimita 0.06, mwembamba kuliko unywele wa wengi wetu, na katika pikapu ya besi huzungushwa maelfu ya mara, nyingine zikikaribia mizunguko elfu kumi. Ukizidisha mizunguko, sauti inakua na kunenepa katikati, lakini ule mng'aro wa juu unafifia. Ukipunguza, inang'aa lakini inapungua nguvu. Hakuna msusi wa Kayole atakayeikubali kazi hiyo kwa bei ya matuta. Sumaku nayo huwa ya aina mbili kuu. Kuna ya kauri, iliyo rahisi na kali, na kuna alniko, ambayo jina lake limeshonwa kutokana na almini, nikeli na kobalti. Siku hizi zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo. Majirani zetu walitupa rumba, na bado wanachimba kitu cha kuipigia.

Je, utajuaje kwamba unahitaji pikapu mpya? Huihitaji. Lakini kama hilo lingekutosha ungekuwa umeshaacha kusoma, kwa hiyo tuangalie dalili.

Yangu ilianzia ukutani. Kanisa letu limekodi ukumbi wa mabati, na katika ploti hiyo hiyo lipo kanisa jingine, tumegawana nao ukuta mmoja. Wao huanza saa tatu, nasi saa tatu. Kila tukifikia pahali pa kunyamaza na kuomba, besi yao inapenya: ya mviringo, tulivu, imenona kama maharagwe yaliyolala usiku kucha jikoni. Naitazama yangu. Nikiigusa inalia kama mtungi wa maji uliopigwa teke. Mpigaji wao namfahamu kwa sura tu, kijana mpole asiye na fujo, nami kwa muda wa miezi mitatu nilimchukia kwa upendo wa Kikristo.

Dalili ya pili ni video. Unanunua bando la usiku, unajilaza, unamtazama mzungu mwenye chumba kisafi akipiga noti moja kwa pikapu kumi na mbili tofauti. Unasikiliza kwa simu iliyopasuka kioo, kupitia kispika cha ukubwa wa kucha, na bado unaapa kwamba ya saba ina joto zaidi. Hapo umeshaugua. Dalili ya tatu ni pale unapokosea noti mbele ya watu, halafu unaliinamia gitaa na kulitazama kwa masikitiko, kana kwamba lenyewe ndilo lililokosea.

Sasa, mwongozo wa heshima hauna budi kukutajia kwanza mambo ya bure, ili uyakatae.

La kwanza ni nyuzi. Mara nyingi unachokiita pikapu mbovu ni nyuzi zilizokaa na jasho la makesha arobaini. Nyuzi mpya za besi si bei ya mchicha, ndiyo maana wapigaji wa dunia nzima huzivua, wakazitumbukiza kwenye maji yanayochemka kwa dakika kama kumi, wakazikausha na kuzirudisha. Uchafu unatoka, mng'aro unarudi kwa wiki kadhaa. Tumia sufuria yako mwenyewe. Ukitumia ile ya ugali, jiandae kujibu maswali ambayo elimu ya muziki haina majibu yake. Au basi uzifanyie kinyume kabisa: James Jamerson, aliyepiga besi kwenye "My Girl" ya The Temptations, alitumia nyuzi laini zisizo na mikwaruzo, na inasimuliwa kwamba hakuzibadilisha mpaka ukatike mmoja. Tena alidona kwa kidole kimoja cha shahada. Lakini ukimwambia mpiga besi wa leo kwamba tiba iko kidoleni, atakuuliza hicho kidole kinauzwa wapi.

La pili ni urefu wa pikapu. Zile skrubu mbili au nne pembeni mwake hazikuwekwa kwa urembo. Ukizifungua kidogo pikapu inashuka, ukikaza inapanda. Bonyeza uzi kwenye kizuizi cha mwisho kabisa cha shingo, kisha tazama nafasi kati ya uzi na sumaku: milimita 2 hadi 3 ni mahali pazuri pa kuanzia. Ikiwa karibu mno, sumaku inauvuta uzi, na noti inatikisika kana kwamba gitaa limeharibika tuni. Ikiwa mbali mno, sauti inakuwa ya aibu. Robo mzunguko wa bisibisi unaweza kuleta tofauti kubwa kuliko pikapu ya bei ya kodi ya mwezi. Nimewaambia watu kumi jambo hili. Hakuna hata mmoja aliyelifanya. Kitu cha bure hakina sauti nzuri.

La tatu ni mahali unapodona. Sogeza mkono uelekee shingoni, sauti inanenepa. Urudishe nyuma kwenye daraja, inakuwa kavu na ya puani. Hii pia ni bure, kwa hiyo tuipite.

Nikiri jambo moja hapa kabla sijaendelea kukupotosha. Les Wanyika walizaliwa Nairobi mwaka wa 1978 baada ya kujitenga na Simba Wanyika, na besi yao ilikuwa mikononi mwa Tom Malanga. Ukiweka "Sina Makosa" leo katika harusi yoyote ya Eastlands, mashangazi watainuka kabla mwimbaji hajafungua kinywa, kwa sababu ile besi imewashika kiuno. Sijawahi kumwona shangazi akisimama katikati ya sakafu kuuliza kama hizo sumaku ni alniko au kauri. Lakini mashangazi hawaulizwi maoni katika mambo ya vifaa, wangetuharibia biashara.

Tuchague basi.

Pikapu ya kwanza ni ile ya besi iitwayo Precision. Leo Fender alikuwa fundi wa redio kule Fullerton, California, mtu wa aina ya hawa unaowaona Soweto ya Kayole wakiwa wameinamia subwoofer iliyopasuliwa tumbo, na kupiga gitaa hakujua. Mwaka wa 1951 akatoa besi ya kwanza ya umeme iliyoenea duniani, na mwaka wa 1957 akaikata pikapu yake vipande viwili, kimoja chini ya nyuzi mbili nene na kingine chini ya nyuzi mbili nyembamba. Vipande hivyo vimezungushwa kinyume, na sumaku zake zimegeuzwa, kwa hiyo ngurumo ya stima inayoingia kwenye kimoja inafutwa na ile ya mwenzake, huku sauti ya nyuzi ikibaki. Precision ni mzee wa kanisa. Ina neno moja, inalisema kwa uzito, na inakaa.

Ya pili ni Jazz Bass. Hii ilitoka mwaka wa 1960, namba ambayo mkazi wa Kayole hahitaji kuikariri kwa kuwa imeandikwa kwenye kioo cha matatu inayompeleka tao kila asubuhi. Kama ilivyo matatu hiyo, Jazz Bass ina mbele na nyuma, na tabia ya nyuma ni tofauti. Pikapu ya mbele ni tulivu. Ya nyuma, iliyo karibu na daraja, ina sauti ya puani yenye ubishi. Ndiyo aliyoitegemea Jaco Pastorius kwenye Jazz Bass yake ya 1962, akiwa ameng'oa vile vizuizi vyote vya shingoni. Zikifunguliwa zote mbili sawasawa, ngurumo inajifuta. Ukipunguza moja ili usikike mtaalamu, ngurumo inarudi. Zingatia hilo, tutalifikia.

Ya tatu ni ile nene yenye koili mbili ubavu kwa ubavu, ambayo Leo huyo huyo, akiwa na kampuni nyingine, aliipa betri mwaka wa 1976 kwenye besi ya StingRay. Betri ya volti 9 inaendesha saketi ndogo ya kuongeza besi na treble humo humo ndani ya gitaa. Ni kama mhubiri mgeni: ana nguvu, anang'aa, na usipomlisha anaanguka. Mitambo mingi ya namna hii huanza kula betri mara tu kebo inapochomekwa, hata usipopiga. Ukiiacha kebo ndani kuanzia mazoezi ya Alhamisi, Jumapili katikati ya sifa sauti itaanza kukwaruza, kisha itapungua, kisha itaondoka, na kwaya nzima itakugeukia kana kwamba ni wewe uliyerudi nyuma kiimani.

Muuzaji atakutajia kila moja kwa omu. Atasema hii ina kilo-omu 8, ile ina 11, kwa hiyo ile ni kali zaidi. Ni kweli kwamba pikapu za Jazz mara nyingi husoma kati ya 7 na 8, na za Precision hukaribia 10 au 11. Lakini kipimo hicho kinakuambia zaidi juu ya urefu na unene wa waya kuliko juu ya sauti. Kumchagua mchumba kwa namba ya kiatu ni jambo linalowezekana pia.

Tushuke Luthuli. Barabara hii ilipewa jina la Albert Luthuli, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Amani ya mwaka wa 1960, na sina hakika angeendelea kuwa mtu wa amani kama angewahi kununua spika hapa. Kwenye maduka yake kuna viwango vitatu vya ukweli. Kuna "original". Kuna "original kabisa", ambayo muuzaji huitoa chini ya meza. Na kuna "original ex-UK", ambayo imekaa kwenye jua ikapauka, na upaukaji huo umeongezwa kwenye bei. Muulize: "Hii ni alniko?" Atajibu: "Customer wangu, hiyo ni alniko tupu." Muulize tena: "Au ni kauri?" Atajibu: "Pia kauri iko ndani." Usibishane naye. Amekuuzia kitu adimu ambacho hata viwanda havijakitengeneza.

Kabla ya kulipa, toa rula. Usicheke, mimi nilicheka. Pikapu mbili za Jazz Bass ya kawaida hazilingani urefu: ya nyuma huizidi ya mbele kwa kama milimita 2, na ukinunua mbili za mbele moja itacheza shimoni, ukinunua mbili za nyuma moja haitaingia. Yangu haikuingia. Nikaipeleka kwa fundi wa makabati, mtu mwenye patasi kali na imani kubwa. Nilimwambia milimita 2. Alisikia alivyosikia. Sasa pembeni mwa pikapu yangu pana ufa ambao natumia kuhifadhi nauli.

Tena usithubutu kuijaribu sauti siku hiyo hiyo ukitoka tao. Matatu ya kwetu ina spika chini ya kiti, juu ya dirisha na nyuma ya kichwa cha dereva, na ukishuka Masimba masikio yako yanakuwa yamevimba kama miguu ya abiria wa Mombasa. Subiri nusu saa. Kunywa chai.

Usiku ukifika, ukiwa na uhakika kwamba caretaker amelala, anza upasuaji.

Piga picha ya nyaya zote kabla hujagusa kitu. Narudia, maana hili ndilo shauri moja katika makala nzima ambalo halina mzaha: piga picha. Mtu hulala akiamini atakumbuka waya mweupe ulikuwa wapi, akaamka akiwa na nyaya nne nyeupe. Halafu washa chuma cha kulehemu, cha wati 40 hivi. Kama plagi yake ni ya miguu miwili, najua utakachofanya: utachomoa biro, utaisukuma kwenye tundu la juu la soketi mpaka vile vifuniko vya chini vifunguke, na utaichomeka huku umefumba jicho moja. Kenya nzima imesoma hivyo, lakini adapta ni bei ya soda mbili. Na amplifaya yenye miguu mitatu usiikate ule mguu wa ardhi ati inapunguza ngurumo. Nyuzi za besi yako zimeunganishwa na ardhi hiyo. Amplifaya ikiharibika ndani, mguu huo ndio unaoamua kama stima itapita kwenye waya au kwenye wewe, na ukishika maikrofoni ya chuma kwa mkono mwingine utatoa ushuhuda usioutarajia.

Tunaendelea. Pasha joto mahali pa kuunganishia, kisha gusisha risasi hapo iyeyuke yenyewe. Ukiyeyusha risasi kwenye chuma na kuidondosha kama gundi, itakaa kama kinyesi cha kuku na kuachia wakati wa ibada. Fungua dirisha, moshi huo si ubani. Waya wa ardhi unaokwenda chini ya daraja usiusahau. Ukiusahau, besi italia zaidi kila unapoigusa, kama mtoto wa jirani.

Voliyumu ikiwa imechoka, hapa ndipo watu wengi huangamia. Besi ya kawaida isiyo na betri hutumia voliyumu ya kilo-omu 250 au zaidi. Fundi wa redio atakupa ya kilo-omu 10 aliyoing'oa kwenye redio ya marehemu, kwa sababu inaingia kwenye tundu na mhimili wake unafanana. Ukiiweka hiyo, mng'aro wote utavuja kwenda ardhini na sauti itatoka kama ya mtu anayehubiri akiwa chini ya blanketi. Utalaumu pikapu. Utarudi Luthuli. Muuzaji atakuonyesha ile iliyo chini ya meza.

Umemaliza, umewasha, pikapu moja moja inasikika vizuri, lakini ukizifungua zote mbili besi inakonda na kukimbia? Usipige kelele. Zinavutana: moja inasukuma wakati nyingine inavuta. Geuza nyaya mbili za pikapu moja tu, na mwili utarudi. Hili nililifahamu saa nane usiku, siku ya tatu, baada ya kumfungia ibada pepo ambaye kumbe alikuwa waya mweusi.

Na sasa ile ngurumo. Stima yetu inatetemeka mara 50 kwa sekunde, na pikapu ya koili moja inainasa kama antena. Noti ya G iliyo chini, ile ya kizuizi cha tatu kwenye uzi mnene, ni mitetemo 49 kwa sekunde. Kwa maneno mengine, Kenya Power wanaimba G iliyopanda kidogo, mchana na usiku, bila kulipwa mirabaha. Wengine hutafuta kuinyamazisha kwa karatasi ya shaba au ya almini ndani ya shimo la pikapu, iliyounganishwa na ardhi, na kweli inasaidia. Mimi nashauri njia ya Kayole: mwombe kiongozi wa sifa aanzishe nyimbo zote kwa G. Marekani hawana bahati hiyo. Stima yao ya mitetemo 60 inaangukia katikati ya B bapa na B, kwa hiyo hata wakitaka kuimba nayo, haiko kwenye tuni.

Jumapili ikafika. Nilivaa shati la kwenda kuposa. Pikapu mpya, nyuzi zilizochemshwa, urefu milimita 2 na nusu, kila kitu kimepimwa. Nikapiga.

Ni lazima nieleze sauti yetu hupitia wapi. Gitaa linaingia kwenye mikisa, na mikisa inalisha spika mbili za ndani zilizotengenezewa hotuba, pamoja na honi moja iliyofungwa juu ya mlingoti ili waliolala nyumbani wasijifanye hawakusikia. Uzi mnene wa besi ukiachwa wazi hutoa mitetemo 41 kwa sekunde. Honi ya namna hiyo haijui lolote lililo chini ya mia mbili au tatu. Kinachotoka juu ya mlingoti si besi, ni wajukuu wa besi: zile sauti ndogo za juu zinazofuatana na noti ya msingi. Ajabu ya Mungu ni kwamba ubongo ukiwasikia wajukuu wamejipanga vizuri humkisia babu asiyekuwepo, na mtu akasema amesikia besi. Nilikuwa nimetumia kodi ya mwezi kumpamba babu ambaye hakualikwa.

Baada ya ibada mzee mmoja wa kanisa alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Kijana wangu, leo besi imetubariki." Machozi yalinilenga. Nikamuuliza ni wimbo gani hasa uliomgusa. Akautaja. Ulikuwa ule ambao kebo yangu ilichomoka ubeti wa kwanza nami nikapiga mpaka mwisho kwa imani. Aliyembariki ni mkono wa kushoto wa mpiga kinanda, ambao katika makanisa ya Eastlands hupiga besi bila kuombwa, na pikapu hauna.

Waliotusikia vizuri zaidi ni majirani. Kanuni za NEMA, ile mamlaka ya mazingira, za mwaka wa 2009 hazikatazi kelele peke yake, zinataja pia mtetemo uliokithiri, na hapo naamini waandishi wa sheria walikuwa na mpiga besi akilini. Sauti nyembamba hugonga ukuta ikarudi. Mitetemo mirefu ya besi hupita kwenye mabati na matofali kama mtu mwenye ufunguo, ikiwa imeacha nyuma mikwaruzo, makosa ya kidole, kelele za nyuzi na aibu zote nyingine. Aliye upande wa pili hupata mnofu mtupu.

Limebaki jambo la pikapu ya zamani, ile uliyoing'oa. Usiitupe. Ifute vumbi, iweke kwenye pamba ndani ya kiboksi cha simu, uiite ya kienyeji. Yangu nilimuuzia yule kijana mpole wa kanisa la jirani kwa shilingi 1,500, baada ya kumsimulia historia yake kwa urefu. Alitaka kujua kwa nini naiuza. Nikamwambia nimekua.

Jumapili mbili baadaye, tulipoinamisha vichwa kuombea wagonjwa, nikaisikia. Ilipenya ukutani ikiwa ya mviringo, nzito, imenona kuliko siku zote. Niliifahamu mara moja. Ilikuwa yangu. Haijawahi kunililia hivyo hata siku moja katika miaka sita. Nilikaa nimefumba macho mpaka watu wakasema amina mara mbili, kisha nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikazunguka ploti, nikamngoja pale wanapopanga viti vya plastiki.

"Ile pikapu," nikamwambia.

"Ile ya kienyeji? Siiuzi, bro."

"Elfu mbili."

Akanitazama kwa huruma, kama yule jamaa wa Junction. "Tatu," akasema, "na uniachie hiyo yako mpya. Tunapoomba huwa naisikia hapa kwetu. Aisee, ina sauti."